Macho ya Bibi wa Kibosho

Kwa miezi saba hivi nilikuwa na kazi ya kuangalia hewa. Watu wakiniuliza nilikuwa nafanya nini mwaka ule na nikawajibu hivyo, hucheka, wakadhani nawakwepa. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi, mchana na jioni nilipanda ngazi hadi juu ya paa langu, nikatazama mbali, nikashuka nikaandika nilichokiona.

Nina studio ya picha mtaa wa Pasua, chumba kimoja cha mbele nilichoachiwa na baba. Simu zilipoanza kupiga picha nzuri kuliko zangu, wateja wa harusi na maulidi walipotea mmoja mmoja, nikabaki na picha za pasipoti na kutoa kopi. Siku moja akaja mhandisi kutoka Dar, mtu mpole mwenye begi zito mgongoni, akauliza kama juu ya paa langu mlima unaonekana.

"Ukitaka wenyewe kuonekana, unaonekana," nilimjibu.

Akacheka. Akafungua begi akanionyesha kamera mbili ndani ya visanduku vya bati vyenye kioo mbele. Zilikuwa zimetoka kufanya kazi katika mji mmoja wa jangwani. Huko kazi ya kamera hizo ilikuwa moja tu: kuutazama mji kutwa nzima, ili siku ambazo mnara wa mbali unafifia au unapotea kabisa, kompyuta ipime ni vumbi kiasi gani limesimama hewani. Sasa wenye mradi walitaka kujua kama zingeweza kufanya kazi hiyo kwetu pia. Tatizo, alisema, huko jangwani adui alikuwa vumbi peke yake. Huku kwetu kuna vumbi la kiangazi, kuna moshi wa mabua ya mpunga yanayochomwa upande wa Chekereni baada ya mavuno, kuna majiko ya mkaa ya mji mzima, kuna ukungu, na juu ya vyote hivyo kuna mawingu ya mlima ambayo hayana ratiba.

"Kompyuta haijazoea huku, dada. Inahitaji macho ya mtu ya kuifundisha."

Alisema kweli. Wiki ya kwanza tu, mvua ikinyesha hadi maji yanaingia mlangoni, simu yangu ilipokea onyo la dhoruba ya vumbi. Kompyuta iliona mlima umetoweka, ikakumbuka jangwani, ikapiga kelele. Nilisimama mlangoni na ufagio nikisukuma maji nje, nikawa nasoma kwamba nifunge madirisha na kufunika pua.

Kamera moja ilifungwa kwenye paa langu, ikitazama juu mlimani. Ya pili ilipelekwa Kibosho, kule juu mlimani, kwa bibi mmoja mjane ambaye kihamba chake, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kimekaa ukingoni mwa mteremko, mahali migomba inapokatika ghafla na ukaiona tambarare yote chini: mabati ya mji, mashamba ya mpunga, na siku nzuri, milima ya Upare upande wa kushoto. Mhandisi aliifunga kwenye nguzo ya chuma kando ya tangi la maji. Bibi alipewa daftari na kalamu, aandike mara tatu kwa siku alichokiona kwa macho yake. Mimi nilipewa kazi ya kupanda huko kila Jumamosi kufuta kioo cha kamera, kuchukua aliyoyaandika na kuyajaza kwenye fomu ya kompyuta. Fomu ilikuwa ile ile ya jangwani, ila mhandisi alikuwa ameongeza maneno mawili. Palipokuwa na "vumbi" peke yake, sasa pakawa na "vumbi, moshi, ukungu", na pembeni viboksi vya kuweka alama: hakuna, kiasi, mwingi.

Bibi alikuwa na miaka sabini na kitu. Mrefu, mkavu, mwenye kutembea haraka kwenye mteremko ambao mimi nilishuka nimeshika migomba. Mara ya kwanza nilipofika nimechafuka vumbi la ile barabara yao mbovu, nikiwa bado natetemeka kwa kurushwarushwa na bodaboda, nilimwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekula?"

Hakusubiri jibu. Alinipa bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, akaniambia nyama aliinunua kwa Mwislamu wa njia panda, nisiwe na wasiwasi. Kisha akaleta daftari kwa mikono miwili, kama cheti. Aliandika kwa herufi kubwa tupu, zilizonyooka, na hakuna siku aliyoruka, hata Jumapili. Jumapili alikuwa anaandika kabla ya misa ya kwanza.

Nilifungua nikasoma: MOSHI HAUONEKANI. Mchana wake: MOSHI UNAONEKANA KIDOGO. Jioni: MOSHI UNAONEKANA VIZURI SANA HADI CHEKERENI.

Nikajaza fomu. Hakuna. Kiasi. Mwingi.

Kuchanganyikiwa kwangu kulianza taratibu. Mwezi wa pili mhandisi alinipigia simu. Alisema ya paa langu iko sawa, kamera na mimi tunakubaliana karibu kila siku. Lakini ya Kibosho haieleweki. Asubuhi picha inaonyesha utando mzito, mji umefunikwa kabisa, na fomu inasema hakuna moshi. Jioni picha ni safi hadi unahesabu mabati, na fomu inasema moshi mwingi.

"Labda kioo kina unyevu," nilisema.

Nikapanda, nikafungua kisanduku, nikakausha, nikaweka mpira mpya pembezoni. Hakuna kilichobadilika. Mhandisi akasema labda saa ya kamera imerudi nyuma, inapiga asubuhi ikidhani ni jioni. Nikapanda tena, nikaangalia saa. Ilikuwa sahihi. Akasema labda jua linaipiga kamera usoni, kwa sababu ukitazama upande lilipo jua utando huonekana mzito kuliko ulivyo. Tukaigeuza kidogo. Tukashusha nguzo. Tukakata jani la mgomba lililokuwa likicheza mbele yake, baada ya kuomba ruhusa, na bibi akatupa ruhusa hiyo kwa uso wa mtu anayekatwa kidole.

Picha na daftari ziliendelea kupingana. Kama zingepingana ovyo ovyo ningelala usingizi, ningesema ni bahati mbaya. Lakini zilipingana kwa nidhamu. Picha ikisema ndiyo, daftari lilisema hapana, karibu kila mara. Nilifika mahali nikawa nasimama juu ya paa langu nikitazama kule Kibosho, nikijiuliza kama kweli hewa inaweza kuwa na tabia mbili, mtu wa chini aone hiki na wa juu aone kile. Nilianza kuyatilia shaka hata maandishi yangu mwenyewe. Nilimwita mume wangu juu ya paa.

"Unauona ule mnara wa simu?"

"Naona."

"Una uhakika?"

"Mke wangu," alisema, "hebu shuka unywe chai."

Basi nikafikia uamuzi, na nauandika hapa kwa aibu. Niliona kamera haina kosa, saa haina kosa, jua halina kosa. Kilichobaki ni macho ya bibi. Mtu wa miaka sabini na kitu, niliwaza, ana mtoto wa jicho, anaona ukungu pasipo na ukungu. Jioni mwanga unamchoma anaona moshi. Asubuhi anaandika kwa kukisia. Sikumuuliza yeye. Nilijua binti yake anafanya kazi dukani mjini, karibu na stendi. Nikamwendea.

"Dada, sitaki kukutia hofu," nilimwambia, "lakini mama yako nadhani haoni vizuri."

Aliweka chini kitambaa alichokuwa akikunja. "Mama? Mama anachambua kahawa mpaka leo. Anaona punje mbovu kabla yangu."

"Ya karibu labda. Mimi nasema ya mbali." Nikamweleza habari za picha na daftari. Nilimwonyesha kwenye simu: picha ya asubuhi nyeupe kama maziwa, na chini yake maneno ya mama yake. Alitazama muda mrefu. Nilimwona akiingiwa na woga, na nikajiona nimefanya jambo jema.

Wiki iliyofuata alimpeleka mama yake hospitali ya macho. Jumamosi nilipopanda Kibosho, hakukuwa na mtori. Bibi alikuwa amekaa barazani na kitambaa chake cha kanisani kichwani, ingawa haikuwa siku ya kanisa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Akatazama pembeni. "Daftari lipo pale juu ya tangi. Lisome, kama mtu asiyeona anaweza kuandika kitu cha kusomwa."

Nilisimama nikiwa na kitambaa cha kufutia kioo mkononi, nikitazama tangi. Nikauliza, kwa sauti ndogo, hospitali walisemaje.

"Walinitia dawa machoni nikashinda kipofu kutwa nzima kweli kweli. Wakanionyesha herufi ukutani nikazisoma mpaka mstari wa mwisho. Daktari akasema, bibi, haya macho umeyatunza wapi? Wakanipa miwani ya kusomea misale kanisani, basi." Akakaza kitambaa kichwani. "Lakini habari imeshashuka na kupanda. Jumapili nimefika kanisani, mwanamke niliyemfundisha kushona mimi mwenyewe akanishika mkono kwenye ngazi. Taratibu bibi, kuna ngazi hapo. Ngazi hizo nimezipanda kabla yeye hajazaliwa."

Nilitaka ardhi inifungukie. Na bado, niliposhika daftari, kuchanganyikiwa kulizidi. Kama macho yake ni mazima, basi hayo maneno ni ya nini? Niliamua nisirudi mjini. Nilisema nitasubiri saa kumi na moja tuandike pamoja. Bibi alileta ungo wa maharage akaanza kuchambua, na kila alipookota jiwe alilitupa karibu na mguu wangu.

Saa kumi na moja ikafika. Ilikuwa jioni safi ambayo huja baada ya mvua fupi ya mchana. Mji wote ulikuwa chini yetu, mabati yanang'aa, na nyuma yake mashamba ya mpunga kama vipande vya kioo. Milima ya Upare ilikuwa imesimama bila hata uzi wa ukungu. Bibi alifuta mikono, akachukua kalamu, akatazama, akaandika: MOSHI UNAONEKANA VIZURI SANA.

Nikasema polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Bibi, moshi uko wapi?"

Alinitazama. "Unaniuliza mimi Moshi uko wapi?"

"Ndiyo bibi. Mimi siuoni."

"Huuoni?"

"Siuoni kabisa. Hakuna moshi."

Akasimama. Akanyoosha mkono kuelekea chini. "Huo hapo! Mkubwa kama shamba la mzungu! Ule pale, mabati yote yale! Umezaliwa humo, umetoka humo asubuhi ya leo, halafu unasema huuoni? Na wewe ndiye uliyesema macho yangu mabovu?"

Nilifuata kidole chake. Nikaona mabati. Nikaona nilikotoka asubuhi.

Mimi ni mzaliwa wa Moshi. Tangu utotoni nimesikia wageni wakituuliza kama mji wetu unafuka, na nimechoka na mzaha huo kama wenyeji wote. Na mimi huyo huyo, kwa miezi minne, nilikuwa nimeusoma mji nikadhani ni moshi wa moto. Mji ulipofunikwa hata usionekane, bibi aliandika hauonekani, nami nikaweka alama kwamba hewa ni safi. Mji ulipoonekana hadi Chekereni, nikaandika kwamba bonde zima linaungua.

"Bibi," nilisema, "kwa mji ungeandika 'haionekani'. Moshi haionekani. Ningejua ni mahali."

"Mji inaonekana?" aliuliza kwa ukali. "Hivyo ndivyo mnavyosema huko Pasua? Mji inaonekana? Mji huu, mji unaonekana, mji hauonekani. Kosa langu liko wapi?"

Bibi akasema kwamba mhandisi mwenyewe, siku ya kufunga kamera, alisimama pale pale akaonyesha chini kwa mkono akamwambia, "Bibi, wewe uwe unaandika tu, Moshi unaonekana au hauonekani." Naye akaandika alivyoambiwa.

Nilishuka siku hiyo kwa miguu nusu ya njia, kwa sababu sikutaka kukaa nyuma ya mwendesha bodaboda yeyote. Nyumbani nilimpigia mhandisi nikamweleza.

"Uliposema moshi unaonekana," nilimuuliza, "ulikuwa na maana ya mji au moshi?"

"Dada," alisema, "hata mimi sikumbuki."

Ilinichukua siku tisa kugeuza fomu zote za Kibosho, alama moja baada ya nyingine. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Kilichonishinda ni bibi. Nilirudi kwa binti yake dukani nikamwambia ukweli, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka akasema, "Lakini mama hatacheka. Mimi nimeshamwomba radhi, ananijibu tu 'sawa'. Wewe ndiye uliyeanza."

Jirani yangu Mchagga anayeuza ndizi aliniambia kwao mtu akikosa sana hupeleka jani la masale, hakuna anayelikataa. Nililijua kwa kulisikia tu. Sisi Pasua, baba yangu asili yake Tanga, mama yangu nusu Mpare nusu sijui nini, tukikosana tunaomba radhi kwa mdomo na sahani ya kitu. Sikujua jani hilo linashikwaje, linafungwa fundo au halifungwi, linatolewa kwa mkono upi. Jirani alinieleza, lakini nilipofika Kibosho nilikuwa nimeshasahau nusu. Isitoshe, nilikuwa sina jani. Nilisimama mwanzo wa kihamba, nikaona masale yamejipanga mpakani, nikachuma moja, nikalifunga fundo, likafunguka, nikalifunga tena.

Bibi alikuwa jikoni. Nilimwamkia, nikapiga goti kidogo, nikalitoa kwa mikono miwili.

"Bibi, nimekukosea. Nilikusema nyuma yako kabla ya kukuuliza mbele yako. Naomba unisamehe."

Alilitazama jani lile. Akaligeuza. Akatoka nje mpaka mpakani, nami nyuma yake, akatazama mmea, akaona pale nilipochuma, bado pabichi.

"Umeniomba msamaha kwa sale langu mwenyewe?"

Nilihisi machozi. Sikujua kama nimeharibu zaidi. "Sikujua bibi. Sikujua linatakiwa litoke wapi."

Uso wake haukubadilika, lakini mabega yalianza kutikisika. Alicheka bila sauti, mkono mdomoni, mpaka akashika mti wa kahawa. Alipotulia akawa mkali tena. "Nimesamehe," alisema, "kwa sababu sale halikataliwi, hata likiwa la wizi. Lakini Jumapili utakuja. Utasimama pale nje ya kanisa, misa ikitoka, umwambie yule mwanamke wa ngazi kwamba mimi naona."

Nikaenda. Nikiwa na hijabu yangu, katikati ya watu wanaotoka misani, nikamwambia yule mwanamke wa ngazi, mama mnene mwenye aibu, kwamba bibi anaona vizuri kuliko mimi na kuliko kamera. Watu kadhaa walisimama kusikiliza. Mmoja aliuliza kamera gani, nikaanza kueleza habari ya moshi na Moshi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kutoelewa, mpaka bibi akanivuta kwa kiwiko akasema inatosha.

Baada ya hapo picha na daftari zilikubaliana siku nyingi, si zote. Zilibaki asubuhi ambazo bibi aliona milima ya Upare na kamera haikuiona, na jioni ambazo kamera iliona kitu cheupe juu ya mpunga ambacho hakuna aliyejua kama ni mabua yanachomwa au ni maji yanapanda hewani. Tukawa tunapigiana simu saa kumi na moja, mimi juu ya paa, yeye kando ya tangi. Mara nyingine tuliongea dakika kumi nzima na tusikubaliane kitu kimoja mbele yetu kina rangi gani.

Mradi ulipokwisha mhandisi alikuja kuzichukua kamera. Kabla hazijaondoka nilichapa picha moja kubwa ya kamera ya paa langu, ya asubuhi ambayo mlima wote ulikuwa wazi kuanzia theluji mpaka migomba. Bibi alikuwa ameniambia hajawahi kukaa mahali akautazama upande wake kwa utulivu. Akishuka mjini ana haraka ya soko, na mawingu huwa yameshafunga. Nilimpelekea. Aliiweka mezani, akavaa miwani yake ya misale, akainama.

"Kwangu ni wapi hapa?"

Nilionyesha kidole kwenye ukingo mmoja wa kijani kibichi.

"Hapo ni kwa padri," alisema. "Kwangu ni huku."

"Huko bibi si ng'ambo ya mto?"

"Mto uko wapi?"

Tuliinama wote wawili. Kulikuwa na kijani, na kijani kilichokolea zaidi, na mkunjo mweusi ambao ungeweza kuwa mto au kivuli. Binti yake akaja na chai, akatazama juu ya mabega yetu, akaweka kidole mahali pa tatu kabisa.